Rais akiapa Kinshasa, Uvira inalala wapi?

Jumamosi ya tarehe 20 Januari 2024, wengi hapa Uvira walikuwa mbele ya televisheni wakimwangalia Félix Tshisekedi akiapa kwa muhula wake wa pili. Sherehe ilifanyika Stade des Martyrs, uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, watu wamejaa hadi ngazi za juu na marais kadhaa wa Afrika wamekaa mbele. Vijana waliangalia magari, mavazi na gwaride. Wazee waliangalia uwanja wenyewe, kwa sababu ulipofunguliwa wakati wa Mobutu haukuitwa uwanja wa Mashahidi. Uliitwa Kamanyola.

Ni Kamanyola hii hii yetu, pale ukitoka Uvira kwenda Bukavu, ukishamaliza tambarare ya Ruzizi na kabla barabara haijaanza kupanda milima. Jina la mji mdogo wa njiani liliandikwa juu ya uwanja mkubwa kuliko yote ya nchi. Namna lilivyofika huko, na namna lilivyofutwa, ni sehemu ya habari ninayotaka kuwaletea leo.

Ndugu wasomaji, sherehe zikiwa bado akilini, nimeona tukumbushane kiapo kingine, kile cha tarehe 24 Januari 2019. Hicho ndicho kilichoitwa cha kihistoria, kwa sababu kilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 30 Juni 1960 rais wa Kongo kumpokeza mwenzake kiti akiwa hai, bila mapinduzi na bila vita. Siku ile watu wa Uvira walifurahi nusu na kunyamaza nusu. Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Lakini anayejua viapo vilivyotangulia vilitukuta wapi, hawezi kushangaa.

Alhamisi ya 24 Januari 2019

Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 30 Desemba 2018, na mashine za kupigia kura ambazo watu walizibishia kwa miezi. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu pia. Ilichukua karibu siku 20 kurudi. Matangazo ya RFI kwa FM nayo yalizimwa. Sisi wa Uvira tuna bahati ya mpaka: mwenye laini ya Burundi aliteremka upande wa Kavimvira kutafuta mtandao wa jirani, akarudi mtaani na habari za Kinshasa zilizopitia Bujumbura. Ndivyo wengi walivyofuata kura zao wenyewe, kwa simu ya nchi nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari, tume ya uchaguzi, CENI, ilimtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57. Martin Fayulu alipewa karibu asilimia 35, na Emmanuel Ramazani Shadary, aliyechaguliwa na Joseph Kabila kugombea upande wa serikali, karibu asilimia 24. Baraza la maaskofu, CENCO, lililokuwa limetuma watazamaji karibu 40,000 nchi nzima, likasema matokeo hayo hayalingani na yale ambayo watazamaji wake walikusanya vituoni. Tarehe 17 Januari Umoja wa Afrika ulisema kuna mashaka makubwa na ukaomba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza. Siku 3 baadaye Mahakama ya Katiba ikatupa malalamiko ya Fayulu na kumthibitisha Tshisekedi.

Basi ikafika Alhamisi. Saa zetu ziko mbele ya Kinshasa kwa saa 1, kwa hiyo mambo ya asubuhi kule yalitukuta huku jua limeshapanda. Kiapo kilifanyika Palais de la Nation, mtaa wa Gombe, mbele ya majaji wa Mahakama ya Katiba. Kati ya marais wa nchi nyingine alikuja mmoja tu, Uhuru Kenyatta wa Kenya. Kabila alimkabidhi mwenzake bendera ya taifa na nakala ya katiba. Katikati ya hotuba, rais mpya akaishiwa nguvu. Akanyamaza, akashikwa na watu wake, matangazo yakasimama kidogo, kisha akarudi na kumalizia.

Dakika zile, kwenye vibanda vya mpira, kwenye maduka yenye redio na mahali popote palipokuwa na jenereta, Uvira nayo ilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Waliokuwa na umri walianza kuangalia mlango. Kwetu, rais akianguka, swali la kwanza huwa si nani atakayemrithi. Swali la kwanza ni watoto wako wapi.

Baada ya hotuba kumalizika, wafuasi wa UDPS na wale wa UNC ya Vital Kamerhe walitoka kuimba. Hapa Kivu ya Kusini lazima tuseme wazi: wengi waliompigia Tshisekedi kura walikuwa wanampigia Kamerhe, mtoto wa jimbo hili, ambaye tarehe 23 Novemba 2018 kule Nairobi alikubali kumwachia mwenzake nafasi ya mbele ili washindane pamoja. Kwa watu hao, ile ilikuwa furaha ya nyumbani. Wengine walibaki kimya. Hao ni waliompigia Fayulu, na wako pia waliompigia Tshisekedi lakini wakasikia maneno ya maaskofu kanisani na wakashindwa kuyasahau. Kundi la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote mawili: wamama wa soko, wavuvi, madereva wa pikipiki, walimu, watu ambao hawakuimba wala hawakulalamika. Walisema jambo moja kwa maneno tofauti: Kabila ametoka, na sisi tumelala nyumbani.

Neno hilo ndilo nataka tulifuate hadi mizizi yake.

Jina la Kamanyola lilitoka wapi

Mwezi wa Mei 1964 waasi wa Simba waliiteka Uvira. Serikali ya Léopoldville ilipoteza kando ya ziwa, na mwezi uliofuata jeshi lake lilipambana na waasi Kamanyola, kwenye mlango wa tambarare. Mkuu wa jeshi alikuwa Joseph-Désiré Mobutu, na yeye mwenyewe alikuwepo vitani. Ushindi ule ulimpa sifa, na sifa ile aliitunza vizuri. Tarehe 24 Novemba 1965 alichukua madaraka kwa nguvu na akakaa miaka 31 na nusu. Divisheni ya jeshi iliyofundishwa na Wakorea wa Kaskazini iliitwa Kamanyola. Meli yake ya kifahari juu ya mto Kongo iliitwa Kamanyola. Mwishoni ukaja uwanja wa mpira.

Kwa Mobutu, Kamanyola lilikuwa jina la ushindi. Kwa wenyeji wa tambarare, 1964 ulikuwa mwaka wa kukimbilia milimani au kuvuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Na huko Fizi, kusini yetu, vita havikuisha na sherehe za Kinshasa. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wake walivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi, wakaondoka bila kushinda. Mmoja wa viongozi wa waasi wale, Laurent-Désiré Kabila, alibaki na kundi lake katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Nchi ilikuwa na rais Kinshasa, na juu ya vichwa vyetu, milimani, kulikuwa na mtu anayengojea zamu yake.

Mei 1997: kiapo cha kwanza kilichotuuma

Zamu hiyo ilifika 1996, na ilianzia kwetu. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera, iliyokuwa ikiongozwa na daktari Denis Mukwege, ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Kabla mwezi haujaisha Uvira ilikuwa mikononi mwa AFDL na askari wa nchi jirani waliokuja nao. Kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda zilizojaa tambarare, zaidi ya watu laki 2, zilitawanyika kwa siku chache. Watu wa Uvira nao walishika barabara ya Baraka, au walipanda boti kwenda Kigoma. Mwezi uliofuata Tanzania ilifungua kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo wa upande wetu. Wako waliokwenda kwa wiki 2 na hawajarudi mpaka leo.

Tarehe 17 Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa. Tarehe 29 Mei Laurent-Désiré Kabila akaapa katika uwanja wa Kamanyola, mbele ya marais wa Uganda, Rwanda, Burundi, Angola na Zambia. Mwaka ule ule uwanja ukabadilishwa jina na kuitwa wa Mashahidi, kwa kuwakumbuka wanasiasa 4 ambao Mobutu aliwanyonga hadharani mwaka 1966. Jina la mji wetu likashushwa ukutani.

Mtu angetegemea kwamba Uvira, mji ambao vita vya ukombozi vilianzia mlangoni pake, ungecheza ngoma siku hiyo. Lakini siku 3 tu kabla ya kiapo, tarehe 26 Mei 1997, watu wa Uvira walitoka barabarani kulalamikia mauaji ya wenzao, na askari wa AFDL na washirika wao wakawafyatulia risasi. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2010 juu ya maovu ya Kongo imeliandika tukio hilo. Kwa hiyo wakati Kinshasa inasikiliza maneno ya kiapo, familia za Uvira zilikuwa kwenye matanga. Anayeuliza kwa nini watu wa hapa hawashangilii haraka, aanzie pale.

Kiapo cha nchi nyingine

Tarehe 2 Agosti 1998 vita vilianza tena, na mwezi huo huo Uvira ikaingia chini ya waasi wa RCD. Mwisho wa mwaka, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, Makobola, kusini kidogo ya mji, iliona mauaji ya mamia ya raia. Rais wa Kinshasa alikuwa sauti ya redio tu. Karatasi za serikali, kodi na bunduki vilikuwa vya watu wengine.

Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi tarehe 16 Januari 2001, na mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29, alipoapishwa tarehe 26 Januari, habari hizo zilitufikia kama habari za nchi ya jirani. Hapakuwa na bendera ya kupandisha wala mahali pa kulia hadharani. Waliohuzunika walihuzunika ndani ya nyumba, waliotumaini nao walitumaini kwa sauti ya chini. Kumbuka tarehe hiyo, 26 Januari 2001. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa amebakiza siku 2 kutimiza miaka 18 wakati Joseph Kabila alipokabidhi bendera mwaka 2019. Alikua, akasoma, akaingia ujana, hajawahi kuona rais mwingine.

Mapatano ya 2003 yaliunganisha nchi, na baadhi ya viongozi wa vita wakaingia kati ya makamu wa rais 4. Hapa, amani ya karatasi ilitangulia amani ya usiku. Mwezi wa Juni 2004 Bukavu ilitekwa na askari walioasi, na barabara ya Kamanyola ikajaa tena watu na askari. Usiku wa 13 Agosti 2004, ng'ambo tu ya mpaka wa Kavimvira, kambi ya Gatumba ilishambuliwa na wakimbizi zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka upande wetu. Nasema hili kwa sababu hatukukimbia wote risasi ile ile. Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Mrundi na Mnyamulenge kila mmoja ana usiku wake anaoukumbuka, na mara nyingi anaamini kwamba usiku wa jirani haukuwa mrefu kama wake.

2006, mwaka wa kuamini

Kama kuna kiapo ambacho Uvira ilikipokea kwa moyo mzima, ni cha 6 Desemba 2006. Kura ya kwanza huru tangu miaka ya uhuru ilifanyika 30 Julai, na duru ya pili 29 Oktoba. Joseph Kabila alipata asilimia 58.05 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Mashariki yote ilimpigia kwa wingi ambao haujaonekana tena, na Kivu ya Kusini ilikuwa mbele kabisa. Watu walipanga mistari usiku wa manane na kadi zao mkononi. Hawakumpigia kwa sababu ya barabara au shule. Walimpigia kwa sababu kwao alikuwa mtu aliyesimamisha vita vikubwa.

Ndiyo maana maumivu yaliyofuata yalikuwa makubwa. Vita vikubwa vilisimama, vile vidogo vikabaki na kuzaana. Uchaguzi wa Novemba 2011 ulipofika, moyo ulikuwa umegawanyika, na wengi hapa walimpigia Kamerhe, aliyekuwa amegombana na Kabila. CENI ilimpa Kabila asilimia karibu 49 na Étienne Tshisekedi karibu 32. Tarehe 20 Desemba 2011 Kabila aliapa, na rais wa nchi ya nje aliyekuja alikuwa mmoja tu, Robert Mugabe. Siku 3 baadaye mzee Étienne Tshisekedi alitaka kuapa yeye mwenyewe kama rais aliyechaguliwa na watu. Alitaka kwenda kuapia Stade des Martyrs. Polisi walifunga njia, na mzee akaapia nyumbani kwake Limete. Kwa hiyo nchi ilikuwa na viapo 2 ndani ya wiki moja, na huku kwetu watu waliuliza kwa mzaha wa uchungu ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachofukuza wenye silaha njiani.

Kiapo kilichochelewa

Katiba ya 18 Februari 2006 inampa rais muhula wa miaka 5 unaorudiwa mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu hiyo. Muhula wa Kabila ulimalizika 19 Desemba 2016. Hapakuwa na uchaguzi, wala kiapo. Kinshasa waliandamana na kupigwa. Maaskofu wakawapatanisha wanasiasa kwa mapatano ya 31 Desemba 2016, ambayo yaliahidi uchaguzi ndani ya 2017. Mwaka huo nao ukapita.

Sisi tuliona matokeo yake kwa macho. Mwezi wa Septemba 2017 wapiganaji wa William Yakutumba, waliosema kwamba Kabila si rais tena kwa kuwa muda wake umekwisha, walipanda kutoka Fizi hadi kwenye milango ya Uvira, wengine kwa barabara na wengine kwa boti. Milio ilisikika ziwani na milimani. Jeshi na kofia za buluu za MONUSCO waliwarudisha nyuma. Watu walifunga mabunda, wengine wakaelekea mpakani. Wavuvi waliacha maji. Mama mwenye ndagala za kukausha alizikunja na mkeka wake. Mtu anayesema kwamba habari za katiba ni za wasomi wa Kinshasa, aje aulize Kalundu jinsi kifungu kimoja kilichovunjwa kule kinavyoweza kuja huku kwa boti.

Kwa nini walifurahi nusu

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi ya 2019. Ukiweka viapo hivi katika mstari mmoja, utaona mtu wa Uvira alikuwa na sababu gani ya kusema tumelala nyumbani. Mwaka 1965 kiti kilichukuliwa kwa nguvu na vita viliendelea juu yetu. Mwaka 1997 tulizika. Mwaka 2001 tulikuwa chini ya utawala mwingine. Mwaka 2011 kulikuwa na viapo viwili. Mwaka 2017 ukosefu wa kiapo ulileta boti za vita. Kwa mara ya kwanza rais ametoka, mwingine ameingia, na barabara ya Kamanyola haikujaa watu wenye magodoro kichwani. Hilo si jambo dogo. Anayelidharau hajawahi kubeba mtoto mgongoni gizani.

Lakini kipimo hicho kina hatari yake, na nadhani tulilipa. Kwa sababu hatukukimbia, tulikubali kutouliza. Hesabu za CENI na zile za maaskofu zilitofautiana, na mpaka leo matokeo ya kila kituo hayajawekwa mezani ili watu wapime. Wengi waliosimama mistarini hapa walimezwa na neno moja: bora amani. Tena kulikuwa na ndugu zetu ambao hawakupiga kura kabisa. Beni, Butembo na Yumbi waliahirishiwa hadi Machi 2019, wakati rais alikuwa ameshaapa tangu Januari. Kiapo chake kilikuwa kwa ajili yao pia, ila sauti yao haikuwemo. Mwaka 2023 ikawa hivyo tena kwa Masisi, Rutshuru na Kwamouth, sababu ni vita. Anayesema yaliyo Masisi hayatuhusu asahau kwanza njia ambayo vita vimetufikia mara zote: vinateremka.

Na amani yenyewe tuliyoinunua kwa kunyamaza, tuliipata kiasi gani? Mwaka 2019 huo huo vijiji vya Minembwe na Bijombo viliungua na watu wa kabila zote wakateremka au wakajificha. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu kwa makumi, na maelfu wakalala nje. Hapo hapakuwa na bunduki, lakini mtu aliyelala kwenye turubai hakuona tofauti kubwa. Kamerhe, ambaye watu walimpigia wakimwona nyuma ya picha ya Tshisekedi, alikamatwa Aprili 2020, akahukumiwa kwa wizi wa mali ya umma, kisha akaachiwa na mahakama ya rufaa mwaka 2022, na mwaka 2023 akawa waziri. Muungano wa rais na watu wa Kabila ulivunjika Desemba 2020. Huko Rutshuru M23 wakarudi, wakachukua Bunagana mwezi wa Juni 2022. Haya yote yametokea kati ya kiapo cha kwanza na cha pili cha mtu huyo huyo.

Maneno ya kiapo ni yapi?

Kabla ya kuandika haya nilirudi kusoma kifungu cha 74 cha katiba, ambacho ndicho chenye maneno ya kiapo. Rais anaapa mbele ya Mungu na taifa kuiheshimu na kuilinda katiba na sheria, kulinda uhuru wa nchi na ardhi yake isikatwe, kutunza umoja wa taifa, kuongozwa na manufaa ya wote na haki za binadamu, na kutumia nguvu zake zote kwa ajili ya maendeleo ya wote na amani. Hakuna mahali panaposema kwamba rais anaapa watu wasikimbie siku ya sherehe. Hicho ni kipimo tulichojiwekea wenyewe, kwa sababu ya tuliyoyaona. Ni kipimo cha mtu aliyechoka. Kinaeleweka, ila ni kifupi kuliko kiapo chenyewe.

Kwa hiyo nadhani zile nusu mbili za Uvira ya 2019 zote zilikuwa na haki. Walioimba walikuwa na haki, kwa sababu mlango uliokuwa haujawahi kufunguka kwa amani ulifunguka. Walionyamaza walikuwa na haki, kwa sababu mtu anastahili kujua kura yake ilikwenda wapi. Kosa letu lilikuwa kuwafanya wawili hao wagombane mtaani, kama kwamba lazima mmoja awe mwongo ili mwingine awe mzalendo. Nilisikia majirani wa miaka mingi wakinyimana salamu kwa sababu ya Fayulu na Tshisekedi, ambao wote wawili hawajui mtaa wao.

Jumamosi ile ya 20 Januari 2024 mtoto wa Étienne Tshisekedi aliapa ndani ya uwanja ule ule ambao polisi walimzuia baba yake asifike. CENI ilisema amepata zaidi ya asilimia 73, na wapinzani wakalalamika tena. Hapa Uvira watu waliangalia, wakazima televisheni, wakarudi kazini. Wavuvi waliondoka jioni kama kawaida na taa zao, na kutoka Kalundu uliziona juu ya ziwa kama siku zote. Safari hii pia, tulilala nyumbani.

Katiba inasema huu ni muhula wa mwisho wa rais huyu, na kwamba mwanzoni mwa 2029 mtu mwingine atasimama mahali hapo. Ikiwa hivyo, kwa mara ya pili kiti kitapokezwa kwa amani. Ni muda wa kungoja, na ndani yake tuna kazi: kuwafundisha vijana kifungu cha 74 na cha 220, kusimama vituoni hadi karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni, na kuinakili kabla haijachukuliwa na upepo. Wazee wetu walikuwa wanauliza rais akiapa, tutakimbilia wapi. Sisi tumefika mahali pa kuuliza tulilala wapi. Watoto wetu wakiweza kuuliza tu alitimiza nini, hapo tutajua kwamba kiapo kimefika Uvira.